Re: Jirani anachimba msingi wa ghorofa, ukuta wangu una ufa. Inklinometa itasaidia?

Mkuu, itasaidia, ila hicho kifaa cha kupima udongo unavyosogea ni cha kumtaka jirani akifunge yeye. Wanatoboa ardhi kati ya shimo lake na nyumba yako, wanashusha bomba lenye mifereji minne ndani, kisha kipimo chenye magurudumu kinapita humo na kusomwa kila nusu mita. Kinaonyesha udongo unaegemea wapi na kwa kina gani. Sharti bomba lifike tabaka lisilosogea. Likiishia kwenye udongo unaotembea, namba zote ni uongo mtupu.

Wewe anza na ufa wenyewe. Kuna vibao viwili vya plastiki vinavyopandana, kimoja kina mistari ya milimita, kingine alama ya msalaba. Kila kimoja kinagandishwa upande wake wa ufa. Ukivikosa, piga misumari miwili upime umbali kati yake kwa kalipa (rula yenye taya za kubana, inayosoma hadi sehemu ya milimita). Soma saa ileile kila siku, asubuhi, maana ukuta hutanuka kwa jua. Mimi niliwahi kupiga kelele saiti kwa nusu milimita, kumbe joto la saa nane!

Kile kioo cha kubandika kwa saruji wanachopenda mafundi wa zamani achana nacho. Kikipasuka unajua ukuta umesogea, basi. Hujui kiasi gani wala kuelekea wapi.

Halafu mpima ardhi aweke alama pembe zote za nyumba na azisome kwa leveli (darubini ya kupima tofauti za kimo) wiki hii, kabla hawajachimba zaidi. Kwani ufa ni mpana juu au chini?