Kuhama chumba kati ya safari mbili za meli ileile

Ndugu, kama meli ya kitalii inageuzia Miami, yaani inamaliza safari moja na kuanza nyingine hapohapo, na safari ya pili una chumba kingine, huna haja ya kuteremka na masanduku. Siku moja kabla, mwambie mhudumu namba ya chumba kipya. Kwa kawaida nguo za kwenye henga huachwa zilivyo, atazihamisha. Vya kwenye droo pakia sandukuni, lakini usilitoe koridoni usiku, tafadhali sana: litachanganywa na mizigo ya wanaoshuka, uje ulitafute bandarini. Sefu ifungue mwenyewe. Pasipoti na dawa beba mkononi, maana chumba kipya huenda kisiwe tayari hadi mchana. Tarajia kushuka kidogo kwa ukaguzi wa uhamiaji. Kadi ya zamani haitafungua mlango mpya. Ulizia mpya mapema.