Udaktari wa Mwalimu wa Chuo: Je, Utanifaa Nikirudi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri msaidizi wa Kiingereza katika chuo kimoja hapa Morogoro, na sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote ni kufundisha. Nasikia Marekani kuna shahada ya udaktari iliyotungwa kwa ajili ya walimu wa vyuo badala ya watafiti. Ni shahada gani, na je, itanifaa nikirudi nyumbani? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, shahada hiyo ni Udaktari wa Sanaa, ambayo kwenye cheti huandikwa Doctor of Arts. Neno "sanaa" lisikupoteze, kwa kuwa Idaho State University iliwahi kuitoa hata katika biolojia na hisabati.

Chimbuko lake ni lalamiko la siku nyingi. Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa cha kwanza nchini Marekani kutoa shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa utafiti (PhD), mwaka 1861, na ilipofika 1903 mwanafalsafa William James wa Harvard alikuwa akilalamika kwamba vyuo vinamdai kila mwalimu cheti hicho, ilhali hakithibitishi kwamba mtu anajua kufundisha. Hata neno letu linaeleza: mzamivu huzama mahali pamoja, tena chini kabisa, lakini anayepokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza hana budi kuijua fani katika upana wake.

Wanafunzi walipofurika vyuoni miaka ya 1960, Carnegie Mellon ya mjini Pittsburgh ilianzisha shahada hii mwaka 1967, na baadaye Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha ili vyuo vingine vifuate. Mwanafunzi husoma fani yake kwa mapana, hujifunza namna ya kuifundisha, hufundisha chini ya uangalizi, kisha huandika tasnifu ambayo yaweza kuhusu ufundishaji wenyewe, kwa mfano kutunga mtaala wa somo fulani na kuujaribu darasani. Kwangu mimi huu ni mpango wa busara, na nasikitika kwamba haukupewa nafasi uliyostahili.

Haukuangushwa na udhaifu wa masomo yake. Miaka ya 1970 nafasi za ajira vyuoni zilipungua huku wenye uzamivu wakiwa wengi, na kamati za ajira zikachagua cheti zilichokizoea, hata pale kazi ilipokuwa ya kufundisha tu. Programu nyingi zilifungwa au zikabadilishwa kuwa za uzamivu. Katika muziki, hata hivyo, vyuo vikuu vya Ball State na Northern Colorado viliendelea kuitoa shahada hii kwa miaka mingi.

Kwa upande wako, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua tuzo za nje, lakini kutambuliwa kwa cheti ni jambo moja na kupandishwa cheo ni jingine, hasa kwa kuwa machapisho ya utafiti yana uzito mkubwa katika vyeo vya wahadhiri wetu. Kabla hujaomba nafasi, mwandikie mwajiri wako umuulize kama shahada hiyo itahesabiwa sawa na uzamivu utakapotaka kuwa mhadhiri kamili, na uombe jibu la maandishi. Akisita, tafuta uzamivu unaounganisha fani na ufundishaji wake, kama ule wa Kiingereza ambao Idaho State iliuweka mahali pa Udaktari wake wa Sanaa.