Kwa nini leza, ilhali taa ya urujuanimno tunayo?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, na ninachunguza protini inayojishikiza kwenye DNA ya bakteria; nataka kuifunga papo hapo kwenye DNA kwa mionzi ya urujuanimno. Maabara yetu ina taa ya kuulia vijidudu ya nanomita 254, lakini msimamizi wangu anasisitiza kuwa nahitaji leza. Je, mionzi si ileile?

JIBU: Mionzi ni ya jamii moja, kinachotofautiana ni muda. Besi za DNA, yaani "herufi" zake za kikemia, hufyonza zaidi mionzi ya karibu nanomita 260, na besi iliyosisimuliwa, hasa thaimini, inaweza kujifunga moja kwa moja na protini inayogusana nayo. Taa yako, ambayo ni ndugu wa zile zinazofungwa kwenye mitambo ya kusafishia maji ya kunywa, huhitaji dakika kadhaa kufanya kazi hiyo, na katika dakika hizo thaimini zilizo jirani huungana mbilimbili, protini nayo huharibika, hata unajikuta unapima jinsi protini inavyoshika DNA iliyokwisha kujeruhiwa. Leza ya Nd:YAG, ambayo mwanga wake wa nanomita 1064 hupitishwa kwenye fuwele hadi kufikia 266, hutoa mpigo wa nanosekunde chache wenye fotoni (chembe za mwanga) nyingi kiasi kwamba besi moja huweza kufyonza mbili kwa mfululizo. DNA hujeruhiwa hapo pia, ila protini inakuwa imekwisha kunaswa ilipokuwa.

Fomaldehaidi, kemikali ambayo nayo hufunga protini kwenye DNA, si mbadala kamili, kwa sababu hufunga pia protini kwa protini, na ile iliyoegemea tu mwenzake huhesabiwa kuwa imeshika DNA. Hata hivyo, kifungo chake hufunguka kwa joto, ilhali cha urujuanimno hakifunguki. Itakubidi kumeng'enya protini, na kipande kinachobaki kwenye DNA kinaweza kukwamisha PCR, yaani mbinu ya kunakili DNA maabarani.

Tumia kijichupa cha kwatzi, maana kioo cha kawaida huzuia mionzi hii, na uangalie ATP (molekuli ya nishati ya seli) katika mchanganyiko wako, kwani nayo huifyonza. Miwani ya kinga si ya hiari.

Kama swali lako ni iwapo protini inagusa DNA, anza na taa uliyonayo, pamoja na sampuli ya kulinganishia isiyomulikwa. Kama unataka kujua inashika na kuachia kwa kasi gani, msimamizi wako yuko sahihi.