Kabla hujapanda kitu Lamu, onja maji

Walimu, wauguzi na wafanyakazi wa benki wanaohamia Lamu kutoka bara huniuliza wapande nini katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba waliyopanga. Wengi wanatamani nyasi na mawaridi. Mimi nawauliza kwanza: umeyaonja maji ya kisima chako?

Kisiwa hiki hakina mto. Mvua inayonyesha kwenye matuta ya mchanga ya Shela hunywewa na mchanga papo hapo, ikashuka na kutulia juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Visima vya huko ndivyo vinavyolisha mji. Vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Visima vya majumbani mjini navyo vingi vina chumvichumvi, na havifanani. Basi teka, chota kwa kiganja, onja. Ukiona ulimi umekunja, usijisumbue na mndimu. Majani yake yataungua kwenye ncha, kisha ukahawia utambae pembeni kuelekea kikonyo, nawe utadhani mti una njaa uuongeze samadi, uzidi kuumia. Panda mkomamanga au mshubiri. Mndimu uwekee maji ya mvua, au yale ya kuoshea mchele kama umeosha kwa maji ya bomba.

Jambo la pili ni ukuta, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo hunyonya. Ukichimba kitalu kikagusana na ukuta, unyevu hupanda pamoja na chumvi yake. Utaanza kuona unga mweupe kama umemwagiwa ngano, kisha chokaa ivimbe na kubambuka. Fundi asiyejua atakuja na saruji, na saruji itaufungia unyevu humo humo ndani ya jiwe. Mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Tusiuharibu kwa ndoo ya kumwagilia maua. Tumia vyungu na madebe yaliyotobolewa chini, yainue juu ya vipande vya mawe, yakae mbali na ukuta.

Udongo wetu ni mchanga, lakini samadi haina shida: punda wanapita mlangoni kutwa. Usiitie ikiwa mbichi. Irundike na majani makavu, uinyunyizie maji, uiache hadi ipoe na iache kunuka. Makumbi ya nazi nayo hushika maji vizuri sana chini ya chungu, ila yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yasuuze, au tafuta mengine.

Kupanda ngoja masika, mwezi wa Aprili au Mei. Miche iliyo kiwandani imekingwa na kuta, lakini ya darini itapigwa na Kusi, na upepo huo unatoka baharini na chumvi yake. Kaskazi hauna mvua, kwa hiyo wakati huo kazi yako ni kivuli tu.

Na kama chungu ni kimoja tu, panda asumini. Vichume vitumba vyake alasiri, kabla havijafunguka. Usiku vitafunguka vyenyewe chumbani. Mrehani nao uwe karibu, maana siku ya harusi mtaani utagongewa mlango na msichana mwenye sinia: "Mama anakusalimu, anaomba mrehani." Mkatie wa kutosha, usimhesabie vijiti. Mgeni anaweza kukaa hapa miaka bila kuombwa kitu na jirani, na nadhani huo ndio upweke wake hasa, wala si umbali wa kwao.

Naye akikuambia jirani mche wako hautashika pale ulipoupanda, uhamishe. Wazee wa kike wa mitaa hii wanajua jua linaingia kiwanda gani saa ngapi.

Mwisho ni mchanga. Ukitaka kujaza vyungu au kurekebisha sakafu, muulize mwenye punda ameuchota wapi. Akisema matutani Shela, mwambie arudi nao. Tuta likitolewa mchanga, mvua inakosa pa kulala, na maji unayoyaonja leo kisimani hayatakuwa na ladha hiyo hiyo kwa atakayepanga nyumba baada yako.