Andika habari za gogo kwanza

Wewe unayeanza kukusanya vielelezo vya kuvu katika msitu wa Karura, Nairobi, mvua za Machi zikishanyesha utakuta kwenye matawi makavu uyoga mdogo mweupe, wenye vinyweleo, umbo la upepeo. Ugeuze uone mikunjo iliyopasuka katikati. Huo ni Schizophyllum commune, kuvu anayepatikana kila bara isipokuwa Antaktika.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika "kuvu nyeupe, ya kawaida" nikasonga mbele. Sikuandika ni mti gani, wala kama gome lilikuwapo, wala kama jua lilipafikia. Kurasa zile hazikunifaa tena, na zinaniuma hadi leo.

Aliyenifungua macho ni Buxbaumia viridis, kuvumwani adimu wa Ulaya ambao nimeusoma tu. (Jina kuvumwani lisikupotoshe: si kuvu wala mwani, ni mmea, ule uitwao moss kwa Kiingereza.) Huota hasa juu ya magogo ya misonobari na jamaa zake yaliyooza kwa miaka mingi, yasiyo na gome, laini, yenye unyevu na kivuli. Majani yake ni madogo mno, huyaoni. Unachoona ni kifuko cha spora, yaani chembe za uzazi, kilichoinama juu ya kijiti cha kama sentimita 1. Hapo unafanana na uyoga wetu, kwani nao hukuonyesha tunda tu, huku mwili wake wa nyuzi umejificha ndani ya mti.

Wanapoachana ni kwenye gogo lenyewe. Kuvu hula mti. Kuvumwani hujitengenezea chakula kwa mwanga. Gogo kwake ni makao na akiba ya maji. Uyoga ule kukikauka hujikunja, mvua ikirudi hufunguka na kumwaga spora tena, ndiyo maana utaukuta hata kwenye nguzo ya ua inayopigwa na jua. Buxbaumia hauna pa kwenda magogo ya zamani yakiondolewa msituni. Uadimu wake, kwa maoni yangu, ni uadimu wa gogo lililoachwa lioze kwa amani.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, bonyeza mti kwa ukucha uandike kama unaingia. Andika aina ya mti, gome, kivuli, unyevu. Kisha chukua kipande kidogo, ubakishe kingi, ukitie kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye nailoni kitavunda kabla hujakifikisha makumbusho ya Museum Hill.