Kibonzo cha chura na binti mfalme: kwa walimu wapya wa fasihi

Mnaoingia darasani kufundisha fasihi mtakutana na jambo hili mapema: darasa zima linacheka kibonzo kinachobeza ngano, ila mwanafunzi mmoja amekitumbulia macho na anataka aelezwe. Msianze na kicheko. Anzeni na ngano yenyewe.

Chukueni mzaha wa chura, unaopendwa sana na wachoraji. Kisanduku cha kwanza, binti mfalme amempakata chura kiganjani. Cha pili, anambusu. Cha tatu, vyura wawili wanatazamana, mmoja kavaa taji. Asiyeijua ngano anaona vyura wawili tu, basi. Anayeijua, kwamba busu la binti mfalme humgeuza chura kuwa mwanamfalme, alikuwa anamsubiri mwanamfalme, harusi, na raha mustarehe.

Sasa mwulizeni: uchawi umeondoka? Haujaondoka. Busu limefanya kazi? Limefanya, tena barabara. Kilichopinduka ni nani anageuka nani: safari hii binti ndiye amegeuka chura. Mchoraji ameziacha kanuni zote za ngano mahali pake, akaipindua moja. Angezipindua zote, msomaji asingebaki na cha kutarajia, na kicheko kingekufa. Hili ningependa mlishike kuliko yote, kwa sababu wanafunzi wengi huandika kwamba "mchoraji amebadilisha hadithi", wakaishia hapo. Wadaini zaidi: amebadilisha nini, na ameacha nini?

Halafu waangalie uso wa yule chura wa mwanzo. Akitabasamu, amepata mchumba na anayechekwa ni binti aliyetamani mume wa kifalme. Akiwa ameduwaa, wanachekwa wote wawili. Mstari mmoja wa mdomo unabadilisha shabaha ya dhihaka, na mwanafunzi anayesoma maneno tu ataukosa.

Kuna jambo la kuwahadharisha. Katika mkusanyiko wa ndugu Jacob na Wilhelm Grimm wa Ujerumani, uliotoka mwaka 1812, hadithi ya chura ndiyo ya kwanza, na busu halimo. Chura anamtolea binti mfalme mpira wake wa dhahabu kisimani, kwa ahadi kwamba watakula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Binti anataka kuikimbia ahadi, baba yake anamlazimisha kuitimiza, naye kwa hasira anambamiza chura ukutani. Hapo ndipo anapogeuka mwanamfalme. Busu limeenea kupitia masimulizi ya baadaye, na kibonzo chetu kinalibeza hilo. Mkikuta kingine ambacho bwana harusi ana bandeji kichwani, huyo mchoraji anacheza na Grimm, na maelezo yenu yafuate huko.

Darasani, funikeni kisanduku cha tatu kwa karatasi. Kila mmoja aandike anachotarajia kukiona, kisha fungueni. Yule ambaye hakuandika habari ya mwanamfalme hahitaji kuelezwa mzaha. Msimulieni ngano kwanza.