Maswali ya wasomaji: Coaster ya kulala na safari ya Ziwa Manyara

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na wadogo zangu wawili tulinunua Toyota Coaster kuukuu iliyokuwa ikibeba abiria hapa Dar es Salaam. Tuling'oa viti vyote, tukampa fundi kazi ya kuigeuza nyumba ya kusafiria: vitanda sita, jiko la gesi, na simtenki ya lita 500 juu ya keria. Tunakusudia kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara katika likizo ya Pasaka, watu wazima wanne na watoto watatu, na kulala ndani ya hifadhi siku tatu tukizungukia wanyama kwa gari hilo hilo. Mke wangu anasema tutaishia njiani. Je, mpango huu unafaa?
Msomaji wa Temeke

JIBU: Ndugu yangu wa Temeke, mama watoto ana hoja, ingawa si lazima iwe ile aliyoifikiria. Injini ya Coaster iliyotunzwa haina tatizo na barabara ya Arusha, kwani mabasi ya aina hiyo yanafanya kazi nzito kuliko hiyo kila siku. Kinachonitia wasiwasi ni vitu mlivyoviongeza na kimoja mlichokiondoa.

Nianze na simtenki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mkiijaza mnapandisha nusu tani juu ya paa la gari ambalo tayari ni refu kwenda juu. Kwenye kona, uzito huo hulivuta gari upande wa nje, na tangi lililojaa nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji husukumana kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kumfikia dereva kama mkono wa mtu anayemnyang'anya usukani. Iteremsheni. Tangi la lita 100 lililofungwa kwa mikanda ya chuma sakafuni, katikati ya ekseli mbili, linatosha kuoshea vyombo na kunawia, na maji ya kunywa yakae kwenye madumu ya lita 20. Sioni sababu ya kubeba maji ya Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 700 wakati Mto wa Mbu, mji mdogo ulio langoni mwa hifadhi, una maji na maduka.

Mlichokiondoa ni viti. Barua yako haisemi watu saba watakaa wapi gari likiwa mwendoni, nami naogopa jibu ni kwamba watakaa vitandani. Kitanda hakimzuii mtoto kurushwa mbele dereva akikanyaga breki kwa ghafla. Rudisheni viti saba vyenye mikanda, vifungwe kwa bolti kwenye fremu ya sakafu na si kwenye mbao za fundi seremala, hata kama itabidi kupoteza vitanda viwili. Watoto wanaweza kulala kwenye hema kando ya gari, tena ninavyowajua watoto, hilo ndilo watakalolipigania.

Kuhusu gesi, kumbukeni kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia sakafuni badala ya kutoka kupitia madirishani. Mwambieni fundi atoboe tundu la hewa chini kabisa, karibu na mtungi, na mtungi wenyewe ufungwe wima na kuzimwa kwenye koki yake kabla gari halijaondoka. Iwapo mtabeba pia jiko la mkaa, nalo ni zuri kwa kuchomea mahindi jioni, lisiingizwe ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo, na hata baridi ya usiku iwe kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Makaratasi nayapitia kwa haraka. Gari lililosajiliwa kwa biashara ya abiria likigeuzwa kuwa la familia linapaswa kubadilishiwa taarifa zake Mamlaka ya Mapato, na kampuni ya bima ielezwe mabadiliko hayo kwa maandishi, la sivyo ajali ikitokea mtaanza kubishana nayo mkiwa hospitalini. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huyahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, na Coaster iliyojaa huuvuka kwa urahisi. Basi msishangae mkielekezwa mizani, ambayo ya kwanza mtaikuta Vigwaza hata kabla ya kufika Chalinze.

Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni takriban kilomita 640 kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Moshi, kisha mnaongeza kama kilomita 120 kupitia Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Kwa kuwa kila penye makazi mtashuka hadi kilomita 50 kwa saa, wastani wenu hautazidi 55, na hivyo safari nzima inakaribia saa 14 za usukani. Igaweni mara mbili. Laleni Same au Mombo, mwingie Mto wa Mbu siku ya pili kabla ya magharibi.

Sasa hifadhi yenyewe, ambako ushauri wangu unatofautiana kabisa na mpango wenu. Pasaka huangukia ndani ya masika, yanayoanza Machi hadi Mei. Manyara ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na ukuta wa Bonde la Ufa, na vijito vinavyoshuka kutoka ukuta huo hukatiza barabara za ndani, ambazo ni za udongo. Coaster ina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, haivuti kwa magurudumu manne, na keria yake itakwaruzana na matawi ya msitu ulio karibu na lango. Isitoshe, tembo wa msitu huo husimama barabarani wanavyopenda. Mwenye gari fupi hurudi nyuma taratibu, lakini ninyi mtarudije nyuma na mita saba za basi kwenye njia nyembamba?

Kwa hiyo ahirisheni hadi likizo ya katikati ya mwaka, mwishoni mwa Juni au Julai, wakati ardhi imekauka. Egesheni Coaster kwenye kambi mojawapo iliyo nje ya hifadhi, Mto wa Mbu, iwe nyumba yenu kwa siku zote tatu, kisha kodini gari la utalii lenye paa la kufunguka kwa siku moja tu ya kuingia ndani. Kibali cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 na kwa kila kichwa, na juu yake kuna ada ya gari inayofuata uzito wake na ada ya kambi, kwa hiyo kulala ndani usiku mbili au tatu huongeza gharama bila kuwaonyesha jambo jipya, kwani Manyara si Serengeti: mkiingia lango linapofunguliwa asubuhi, siku moja inatosha. Malipo hufanywa kwa mtandao na si kwa fedha taslimu, na kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa ili atozwe kama raia. Chandarua ni lazima, maana mji ule haukuitwa Mto wa Mbu kwa utani. Milango ya gari ifungwe hata mchana, kwa kuwa nyani wa pale wamezoea kuingia na kutoka na mkate mzima.

SWALI: Watoto wetu wamezoea kuogelea baharini. Je, Manyara wanaweza kuoga ziwani, na je, tunaweza kuteremka na gari hadi ufukweni?
Msomaji wa Kigamboni

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Ziwa Manyara halina mto unaotoka. Maji huingia na kupungua kwa jua tu, yakiacha magadi, ndiyo maana ndege waitwao heroe (flamingo) hustawi kwa mwani wake ilhali binadamu hawezi kuyanywa. Humo mna viboko, na kandokando yake hushuka nyati. Ama ufukwe, ule utando mweupe unaoonekana mkavu una tope laini chini yake, na kuacha barabara kumekatazwa. Gari likinasa pale mtangoja ndani hadi askari wa hifadhi wafike. Kuteremka kunaruhusiwa penye vituo maalumu pekee. Chukueni darubini, na watoto wapelekeni kwenye daraja la kutembea juu ya miti lililo msituni, karibu na lango.